Barua ya wazi kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: Ushahidi usiachwe mikononi mwa aliyeumia

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Nakala: Waganga Wakuu wa Wilaya za Misungwi na Sengerema, Maafisa Kazi wa Mkoa wa Mwanza, Watendaji wa Kata na Vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, waajiri wote wa huku kwetu.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,



Ninaandika kutoka Kigongo, wilayani Misungwi, ambako ninatoa msaada wa kisheria kwa wananchi kama tunavyoruhusiwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhangaikia karatasi. Anayefika kwangu akiwa na mkono uliokatika au mgongo usionyooka haulizi kama ana haki ya kufidiwa. Redio imeshamwambia kuwa anayo. Anauliza atathibitishaje. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu jibu la swali lake halimo kwenye uwezo wake wala wangu. Ushahidi wa ulemavu uliotokana na kazi huandikwa siku ya kwanza, na huandikwa na watu wengine. Miezi ikishapita, aliyeumia ndiye anayeambiwa aulete.

Sianzi kwa lawama. Kabla ya Mfuko wako kuanza kazi Julai 2015, kibarua aliyekatika vidole alikuwa akitegemea huruma ya tajiri na sheria ya zamani yenye malipo duni. Leo, chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, anayechangia ni mwajiri na mfanyakazi hakatwi hata senti. Aliyeumia ana haki ya kutibiwa, kulipwa anapouguza jeraha, kupata pensheni au malipo ya mkupuo akibaki na ulemavu wa kudumu, pamoja na utengamao wa kumrudisha kwenye kazi anayoiweza. Sheria hiyo naisifu kila ninapopewa nafasi ya kusimama mkutanoni. Lakini mlango wake una kizingiti cha karatasi, na huku ziwani wengi wanakwamia hapo.

Uielewe kwanza hali ya Kigongo ya sasa. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Kilomita 3 za maji ambazo tulikuwa tukizisubiria kivuko, gari linazimaliza kwa dakika chache. Ndugu zetu wa Sengerema wanaokimbizwa Hospitali ya Bugando usiku wanajua thamani yake kuliko sisi. Ila foleni ya magari kivukoni ndiyo ilikuwa soko letu. Waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga na maji madirishani mwa mabasi, na waliokuwa wakibeba mizigo ya wasafiri, imewabidi watafute riziki kwingine: kwenye krasha za kokoto, kwenye saiti za ujenzi njia ya Usagara, kwenye malori ya mchanga, kwenye mitumbwi ya dagaa. Ni kazi za kulipwa jioni, bila mkataba wa maandishi, na ndizo zinazoumiza watu.

Kizingiti cha kwanza ni maandishi ya siku ya ajali. Chukua mfano wa kijana mmoja, ambaye simtaji yeye wala aliyemwajiri. Alikuwa akilisha mawe kwenye krasha. Mkanda ukanasa glovu, ukavuta mkono. Nyapara akampakia kwenye pikipiki hadi zahanati, na kwa kuwa kijana alikuwa hawezi kusema kwa maumivu, nyapara ndiye aliyetoa maelezo. Daftarini ikaandikwa kuwa mgonjwa ameangukiwa na jiwe nyumbani. Mhudumu hakuwa na hila yoyote. Aliandika alichoambiwa, akawahi kuzuia damu. Lakini maneno yale yakasafiri na mgonjwa. Yakanakiliwa kwenye karatasi ya rufaa, yakanakiliwa tena kwenye faili la hospitali, yakaingia hata kwenye maelezo ya upasuaji. Jeraha lilipofunga, vidole vitatu vimekwenda na kiganja hakifumbi, kila karatasi aliyonayo ikawa inasema, tena kwa muhuri, kwamba aliumia nyumbani kwake.

Nyapara alijua alichokifanya. Ajali ya nyumbani haimwiti mkaguzi wa usalama kazini wa OSHA aje kuuliza kwa nini mkanda hauna kinga. Haimwiti ofisa wako aje kuuliza vibarua wangapi wamesajiliwa na mchango wa nani umelipwa. Gharama yake inaishia kwenye mafuta ya pikipiki na soda ya mgonjwa.

Sasa linganisha na muda uliowekwa. Sheria inamtaka mwajiri akutaarifu ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali, na dai linaweza kupotea lisipokufikia ndani ya miezi 12. Kwa mwenye ofisi, mwaka ni muda wa kutosha. Kibarua huyu alilazwa, akatolewa, akarudishwa kwa sababu kidonda kimeingia usaha, kisha akapelekwa kwao Kwimba kwa mama yake kwa kuwa Kigongo hana wa kumpikia. Alipopata nguvu ya kufuatilia, aliokuwa nao zamu moja walikuwa wameshahamia machimboni Geita. Mashine ilikuwa imefungwa kinga mpya. Nyapara alikuwa amebadilisha laini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mkono wa kibarua ndiyo mali yake ya kwanza.

Wenzetu wengine wameliona tatizo hili zamani. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884. Huko aliyeumia kazini huonwa na daktari aliyeidhinishwa mahsusi kwa ajali za namna hiyo, na daktari huyo ndiye anayetuma taarifa kwenye mfuko wa bima. Mgonjwa hazungushwi na bahasha kutoka dirisha hadi dirisha. Sisemi tuige kila kitu chao. Nasema wametambua kwamba aliyeumia ndiye mtu wa mwisho anayefaa kupewa kazi ya kukusanya ushahidi, kwa sababu siku ushahidi unapopatikana kwa urahisi, yeye amelala.

Kizingiti cha pili ni kuthibitisha kwamba mtu alikuwa mfanyakazi. Mara nyingi swali la kwanza analoulizwa kibarua dirishani ni mkataba. Hana. Kitambulisho cha kazi? Hana. Hati ya mshahara? Alikuwa analipwa mkononi jua likizama, au kwa simu. Anaondoka akiamini kwamba kwa kukosa karatasi hizo amekosa na haki.

Sheria zetu hazisemi hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata kigezo kimoja tu kati ya vilivyotajwa kipo: kwamba anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine; kwamba kwa miezi mitatu iliyopita amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi; kwamba anamtegemea huyo kwa riziki yake; kwamba anapewa naye vifaa vya kazi. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo, kifungu cha 15, inasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake. Bunge lilijua kwamba asiye na karatasi huwa ni yule ambaye mwenzake hakutaka karatasi iwepo. Ninachoomba ni kwamba busara hiyo ishuke mpaka kwenye dirisha la kupokelea madai.

Ushahidi wa namna nyingine upo, tena mwingi. Kibarua aliyekuwa analipwa kwa simu ana miamala: tarehe, kiasi, jina la aliyetuma. Ana meseji za nyapara zinazomwita kazini alfajiri. Ana picha aliyopiga na wenzake mbele ya krasha, na simu huhifadhi siku na saa iliyopigwa. Mama lishe wa pale saiti ana daftari la madeni lenye jina lake. Mwenyekiti wa kitongoji anamwona akipita kila asubuhi. Mtu wa mjini anaweza kuviona vitu hivi vidogo, lakini ukiviweka pamoja vinaeleza maisha ya kazi ya mtu kwa uaminifu kuliko fomu iliyojazwa na mwajiri siku moja kabla ya ukaguzi.

Hapa naomba unisikilize kuhusu wavuvi. Ukishuka mwaloni utaona mtumbwi ni wa tajiri, injini ni ya tajiri, nyavu na taa za dagaa ni za tajiri. Watu watano wanaingia majini usiku, wakirudi yanatolewa mafuta na gharama nyingine, kinachobaki wanagawana na tajiri. Kwa kuwa wanalipwa kwa mgao, wamezoea kuambiwa kuwa ni washirika. Wapime kwa vigezo vya kifungu cha 61. Nani anaamua waende wapi na lini? Vifaa ni vya nani? Mvuvi huyu anamtegemea nani kwa chakula cha wanawe? Propela ikimkata mguu, huo ushirika unaishia ufukweni: tajiri anabaki na mtumbwi, yeye anabaki na gongo. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya kwenye mialo, tunavyoviita BMU, vina orodha za mitumbwi na wavuvi. Daftari hilo ni ushahidi unaosubiri tu Mfuko wako uutambue. Toeni msimamo wa maandishi kuhusu wavuvi wa mgao. Ukiwa dhidi yao, angalau tutajua mahakama ipi twende kuuliza.

Kizingiti cha tatu ni tathmini yenyewe. Ulemavu wa kudumu unapimwa kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo ndipo inakuja pensheni ya kila mwezi. Maana yake ni kwamba alama chache za daktari zinaamua kama mtu atapokea fedha mara moja zikaishia kwenye madeni ya ugonjwa, au atapokea kila mwezi maisha yake yote. Najua Mfuko umekuwa ukiwafundisha madaktari namna ya kufanya tathmini hii, na ni jambo la kushukuru. Lakini daktari anatathmini alicho nacho mezani. Akiletewa picha ya eksirei na karatasi ya kuruhusiwa tu, atapima mfupa. Hataona kwamba kijana wa krasha hawezi tena kushika sururu, kufunga kamba, kufunga vifungo vya shati lake, wala kubeba ndoo ya maji kutoka ziwani. Karani aliyepoteza vidole vilevile angeweza kurudi mezani kwake. Huyu amepoteza kazi zote anazozijua.

Uingereza, tangu mwaka 2013, malipo yao ya ulemavu yaitwayo Personal Independence Payment hupimwa kwa shughuli 12 za maisha ya kila siku, zikiwemo kupika, kuoga, kuvaa na kutembea. Utaratibu huo una malalamiko yake mengi huko kwao, lakini swali wanaloliuliza ni zuri: mtu huyu anaweza kufanya nini, na akikifanya, anaweza kukirudia kesho? Faili la dai letu linahitaji ukurasa mmoja wa swali hilo, ujazwe kwa maneno ya aliyeumia na ya anayeishi naye.

Kuna na majeraha yasiyo na siku. Mawe ya Mwanza ni matale, na vumbi la jiwe la aina hiyo likivutwa miaka mingi hukausha mapafu. Mpasua kokoto anaanza kukohoa wakati saiti aliyofanyia kazi imeshakuwa kiwanja cha nyumba. Anatibiwa kifua kikuu mara ya kwanza, mara ya pili, kabla hajatokea mtu wa kumuuliza miaka yote hiyo alikuwa akifanya kazi gani. Kwa mgonjwa kama huyu, historia ya kazi ndiyo kipimo cha kwanza, na isipoandikwa na mtaalamu wa afya hakuna mwingine wa kuiandika.

Basi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ninaomba mambo matano.

Kwanza, kaeni na Wizara ya Afya ili kila zahanati, kituo cha afya na hospitali imuulize kila aliyejeruhiwa: ulikuwa unafanya kazi gani, ya nani, na wapi? Jibu liandikwe kwa maneno ya mgonjwa. Akiwa hawezi kusema, iandikwe ni nani aliyesema kwa niaba yake, na mgonjwa aulizwe tena atakapoweza. Mgonjwa apewe nakala. Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti kubwa.

Pili, taarifa ya ajali isimsubiri mwajiri. Aliyeumia, ndugu yake au mtendaji wa kijiji aweze kuitoa kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti, apewe namba ya kumbukumbu hapohapo, na namba hiyo ihesabike kuwa dai limefika ndani ya muda.

Tatu, tangazeni kwa Kiswahili chepesi orodha ya ushahidi mtakaoupokea kwa asiye na mkataba: miamala ya simu, meseji, picha, maelezo ya wenzake wawili, barua ya mtendaji, daftari la BMU. Ibandikwe kwenye zahanati, mialo na ofisi za vijiji.

Nne, kumbukumbu zilizo mikononi mwa mwajiri zitafutwe na Mfuko, maana Mfuko ndio wenye meno. Mwajiri akikaa kimya au akidai daftari limepotea, ukimya wake usigeuke kuwa hasara ya aliyeumia.

Tano, ukurasa wa uwezo wa kazi na maisha uingie kwenye tathmini, na awepo daktari aliyefundishwa kazi hiyo katika kila hospitali ya wilaya, ili mtu wa Misungwi asitumie nauli ya mjini kutafuta saini.

Wapo ambao siwaombei fidia kwako: mchoma samaki anayejitegemea, mwendesha bodaboda wa pikipiki yake mwenyewe. Hao nawapeleka kwa halmashauri, kwa TASAF, na kwa kamati za watu wenye ulemavu ambazo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilizikusudia kuanzia ngazi ya kijiji. Lakini hata huko wataulizwa karatasi zilezile. Ndiyo maana ombi la kwanza lina faida kwa wengi kuliko wanachama wa Mfuko wako.

Na kwenu vibarua wenzangu mtakaosomewa barua hii: msisubiri majibu. Mkifika kazini, mmoja wenu aandike majina na tarehe kwenye daftari la shule, hata la mtoto. Mtu akiumia, mwenzake amsindikize hospitali badala ya kumwachia nyapara peke yake, na asikilize kinachoandikwa. Pigeni picha ya mashine kabla haijafanyiwa ukarabati. Chukueni namba za simu za waliokuwepo, pamoja na za ndugu zao, kwa sababu laini hubadilishwa. PF3 ya polisi, kadi, risiti, ED ya daktari ya kupumzika kazi, karatasi ya rufaa, vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa nailoni, juu, mbali na panya na mvua. Msisaini karatasi tupu, wala karatasi ya kupokea fedha ya matibabu ambayo hamjasomewa na mtu mnayemwamini. Mkirudi nyumbani, kila wiki mtoto anayejua kuandika aandike yale yaliyowashinda: kubeba nini, kushika nini, kulala vipi. Asiyekuwepo na lake halipo, na faili likifunguliwa mezani kwa mtu ambaye hamjawahi kuonana, kitakachokuwepo kwa niaba yenu ni hayo maandishi.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, kijiji chetu, kama vijiji vingine vyote, kina mkutano mkuu wa wananchi. Mwombe ofisa wako wa Kanda ya Ziwa aje na fomu zake, akae mezani pamoja na mganga wa zahanati, mtendaji, mwenyekiti wa BMU na waajiri wawili watatu wenye krasha. Wananchi watakuja na mifuko yao ya nailoni. Achukue faili moja baada ya jingine, aseme mbele ya watu kipi kinatosha, kipi kimepungua, na kilichopungua kiko kwa nani. Pale kitakapokuwa kwa mwajiri au kwa hospitali, aondoke nacho kama kazi yake, na aache tarehe ya kutuletea majibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Kigongo, Misungwi, Mwanza.